Aliyezikwa Akiwa Tabora

Bugene, Karagwe
7 Februari 1954

Mpendwa Baba Mdogo Kaijage,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama Verdiana, na kwamba lile goti lako limepoa kidogo. Sisi huku tuko wazima kwa kiasi chake. Mume wangu Gosbert anakusalimu sana. Cherehani yake iko pale pale kwenye baraza la duka la Shehe, na kazi haimwishi kwa sababu ya sare za shule. Watoto wanasoma. Kitinda mimba ameota meno, ananiuma bila huruma kila nikimnyonyesha. Mama mkwe yupo, anakula vizuri na anasema vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baba kwa maneno hajambo, ila mwili umemchoka. Miguu imevimba, na akitoka kitandani mpaka mlangoni anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Mganga wa dispensari alikuja, akamsikiliza kifua, akaniita nje, akaniambia moyo hauna nguvu tena. Niliporudi ndani Baba akaniuliza yule fundi amesemaje. Unamjua, kwake kila anayegusa kitu kinachodunda ni fundi. Nikamjibu amesema apumzike. Akasema, "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wazungu mtambo ukiwa haufai tena."

Baba Mdogo, unaijua hali yangu. Mzee hazikwi kwenye kibanja cha mkwe wake, chini ya migomba ya ukoo mwingine. Gosbert ni mtu mwema, angekubali, lakini ukoo wake hautakubali, na mimi siwalaumu. Baba hana kibanja chake. Kule machimbo ya bati Kyerwa alikaa nyumba ya kazi, na kazi ilipokwisha, nyumba nayo ikaenda. Anachoomba ni kulala huko kwenu Kibingo, ubavuni mwa Babu, basi.

Najua wazee watasema amekwisha kuzikwa. Mwaka 1917, yeye akiwa na jeshi la Wajerumani na habari zake zimekatika, mlikata gogo la mgomba, mkalivika lubugo kama mnavyovika maiti nguo ya gome, mkalizika kwa jina lake. Mkalia, mkanyoa, mkaanua matanga, na wewe ukakabidhiwa urithi. Mwaka 1919 mwenyewe akarudi na miguu yake, akakuta kaburi lake limeota majani. Siyaandiki haya kukuchoma. Nayaandika kwa sababu huku nimewauliza wazee wa Kinyambo, wakaniambia msiba kama huo hutanguliwa, yaani hufutwa, na mtu mmoja tu, yule aliyeuongoza. Asimame mbele ya watu aseme: ule haukuwa msiba. Akishasema, mtu anakuwa hajawahi kufa, na anaweza kuzikwa na kuliliwa kama watu wengine.

Aliyeuongoza ni wewe, Baba Mdogo. Nakuomba hilo neno moja, na nakuomba upesi.

Mwanao,
Eugenia Kokubanza


Kibingo, Kyerwa
28 Machi 1954

Mpendwa binti yangu Eugenia,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika, nikafurahi kusikia watoto wanasoma. Mwambie Gosbert namshukuru kwa ile kanzu aliyonishonea, naivaa kila Jumapili ninapofundisha katekisimu, na Padri mwenyewe aliisifu. Mama yako mdogo Verdiana hajambo. Maharage yamekubali mwaka huu. Migomba ya upande wa chini ndiyo imeingiwa na fukusi, tunang'oa na kuchoma, tunang'oa na kuchoma, lakini wadudu hao hawajui kukata tamaa. Chui naye amerudi, amechukua mbuzi wa jirani mchana kweupe. Goti langu linaniambia mvua kubwa inakuja.

Nimesikitika sana kwa ugonjwa wa kaka. Namwombea kila misa.

Kuhusu lile uliloandika, binti yangu, si jambo jepesi. Nimewagusia wazee hapa. Wanasema ardhi iliyokwisha kumeza jina la mtu haipewi jina hilo mara ya pili, isije ikazoea ikadai na majina mengine. Sisemi mimi naamini hivyo. Na hapo ndipo ugumu wangu ulipo. Mimi sasa ni katekista. Nikisimama hadharani kutangua mambo ya kipagani, itakuwa kama nayatambua kuwa yana nguvu. Watu ninaowafundisha watanielewaje?

Nimepata wazo. Kaka abatizwe. Padri wa huko kwenu akimbatiza, atazikwa kwenye makaburi ya misheni, pahali pazuri, pana miti, pana amani. Mambo ya zamani tuyaache. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nisalimie wote nyumbani.

Baba yako mdogo,
Aristides Kaijage, Katekista


Bugene
18 Aprili 1954, siku ya Pasaka

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tumerudi kanisani sasa hivi. Gosbert ameimba kwaya mpaka sauti imemkauka, na mama mkwe amekula nyama ya wiki nzima kwa mlo mmoja. Mvua iliyotabiriwa na goti lako imefika, njia ya kwenda Kayanga ni tope tupu.

Nilimsomea Baba barua yako. Kwenye ubatizo alicheka mpaka nikaogopa pumzi itamkatikia. Kisha akasema nikuandikie hivi: "Mwambie Kaijage nitabatizwa kwa furaha. Lakini aniambie kwanza anabatizwa nani, maana Kashaija yuko chini ya ardhi Kibingo, amelala na lubugo lake, na mimi hapa sijui naitwa nani."

Unasema yaliyopita si ndwele. Ndwele yenyewe iko kitandani kwangu, Baba Mdogo. Mimi ndiye ninayeigeuza ubavu asubuhi na jioni.

Siku hizi anasimulia sana. Ananisimulia alivyorudi kutoka vitani, na wewe ulikuwepo, utaniambia kama amekosea. Anasema alifika jioni, watu wanapika, akapiga hodi langoni. Bibi akatoka, akamwona, akaanguka. Wazee wakaja, wakamzuia asipite mlangoni kwa sababu wafu hawaingii kwa mlango. Wakasema wabomoe ukuta wa nyuma, aingie kinyumenyume kama mtoto anayezaliwa upya, na akishazaliwa hivyo awe mdogo wako, akae chini yako. Yeye akasema amepigwa risasi ya paja, amefungwa na Wabelgiji, amejifunza injini kwenye karakana ya reli Tabora, na hajaona mahali popote mtu akilazimishwa kuingia kwao kwa matako. Akalala nje. Asubuhi akaondoka.

Ndiyo maana mwanajeshi akageuka kibarua, na kibarua akageuka fundi. Watu wa huku wanamwita Fundi hata leo. Wewe hukuwahi kwenda machimboni kumwona, lakini mimi nilikulia pale. Ile injini ya kuvuta maji shimoni aliitungia majigambo kama anavyojigamba shujaa mbele ya Mukama, mfalme wetu: "Mimi ninywaye mto nikautema mlimani!" Mwaka ule mkanda wa injini ulipokatika na maji yakapanda shimoni, watu wakiwa chini, hakungoja wa kuletwa kutoka Bukoba. Alikimbia nyumbani, akavuta ngozi ya ng'ombe tuliyolalia, akaikata ukanda mrefu, akaufunga kwenye magurudumu ya injini. Ikavuta. Watu wakatoka hai. Mimi nikalala chini mwezi mzima, nikamnunia. Mzungu akapewa sifa, na Baba akaipa sifa ng'ombe kwenye wimbo wake.

Huo wimbo wake wa maisha, ule anaopiga kwa enanga, nyuzi juu ya mapaja, ameupiga arusi zote kuanzia Rugera mpaka kwenu Kyerwa. Watu wanasubiri pale pa injini wapige makofi. Lakini mimi siku hizi nasikiliza pale pa mjumbe. Unapajua. Anaimba kwamba akiwa Tabora alimtuma mtu aje Kibingo awaambie yu hai, na mtumbwi wa yule mtu ukapinduka ziwani kabla ya Bukoba, habari ikaliwa na samaki.

Basi nakuuliza, na usikasirike. Vita vilikuwa bado. Watu wengi hawakuwa na habari za watoto wao, na walingoja. Jirani zenu walingoja mpaka vikaisha. Kwa nini nyumba yetu peke yake haikungoja?

Mwanao,
Kokubanza


Kibingo
2 Agosti 1954

Binti yangu Eugenia,

Marahaba. Usinifikirie vibaya kwa ukimya huu. Barua yako ilikaa barazani kwa mkuu wa kijiji mpaka mtu akaikumbuka, na macho yangu nayo yamepata ukungu, naandika nikiwa nimeusogelea mlango. Verdiana anawasalimu. Buni tumeanika. Chui wameshamuua, watu walicheza siku nzima.

Nimekutumia kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani, kaka aipendayo. Mwambie niliichemsha mwenyewe.

Nimemkumbuka sana siku hizi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunatumwa kufukuza ndege kwenye ulezi. Mimi nilirusha mawe. Yeye alikuwa akiimba, na ndege hawakutua. Jioni tulisifiwa wote sawasawa, na yeye hakuwahi kusema kwamba mimi nilikuwa nimelala usingizi mchana kutwa. Ndivyo alivyokuwa.

Umeuliza kwa nini hatukungoja. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mama yetu alikuwa mgonjwa, akitaka kumwona mrithi wa nyumba kabla hajafumba macho. Wazee walikuwa wakinisukuma. Mimi nilikuwa kijana. Naomba usiniulize tena.

Na kuhusu mahali pa kulala kaka, bado nawaza.

Baba yako mdogo,
A. Kaijage


Bugene
22 Agosti 1954

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kahawa ilifika. Baba ameitafuna yote, hakumpa mtu. Gosbert na watoto wako salama.

Sitarefusha salamu leo, unisamehe.

Nilikuandikia kwamba Gosbert anashonea barazani kwa Shehe. Shehe ni yule mzee Mwislamu aliyehamia Kayanga mwaka juzi kutoka Bukoba, mwenye duka na lori. Watu wa kwao asili ni pwani, lakini anasema Kinyambo kuliko mama mkwe wangu. Basi wiki iliyopita watoto wangu walikuwa barazani wakiuimba wimbo wa babu yao, wakafika pale mjumbe anapozama. Shehe akaweka mzani chini. Akamuuliza Gosbert huo wimbo ni wa nani. Gosbert akamwambia ni wa mkwe wake, Kashaija, mwanajeshi wa zamani. Shehe akasema, "Mbona mimi sikuzama?"

Gosbert akaniita. Nikasimama pale, unga nimejitwika kichwani, nikasikiliza. Anasema alikuwa kijana, akitoka Tabora na bidhaa za tajiri wake, na mfungwa mmoja kwenye karakana ya reli akamwomba apitishe salamu Kibingo. Akavuka ziwa salama. Akafika. Anasema alimkuta kijana mmoja chini ya mbuni, mti wa kahawa, akamwambia, "Kaka yako Kashaija yu hai Tabora, ana jeraha la paja, atarudi." Yule kijana akampa ndizi mbivu na maji, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani ili asipite nyumbani, kwa kuwa mama ni mgonjwa na habari za ghafla zingemdhuru.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akasema ulezi ulikuwa ndiyo unavunwa. Baba Mdogo, mimi siyo mtoto. Gogo lilizikwa mvua za baada ya mavuno yale.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Baba. Nilidhani nampelekea habari. Alinigeukia kwa hasira ambayo sijaiona tangu nivunje uzi wa enanga yake nikiwa mdogo. Aliyajua. Alikutana na Shehe Bukoba mwaka ule ule wa kurudi, akaelezwa kila kitu kabla hajafika kwenu. Alipiga hodi langoni mwenu akijua. Alilala nje akijua. Miaka yote hii alikuwa anajua.

Nikalia, nikamuuliza, sasa kwa nini unaimba uongo mbele za watu? Kisha akasema, "Nilimzamisha yule mtu ili Kaijage avuke."

Akanikataza nisikuandikie. Nakuandikia. Mimi sina moyo wake, nina hasira zangu mwenyewe.

Na kuna jambo jingine. Anataka kuja. Anasema hataki kubishana na mtu, anataka kukaa kwenye ua wa baba yake, apige enanga mara moja, halafu alale. Shehe ametoa lori mpaka Kyerwa, kutoka hapo vijana watambeba kwa machela. Tutakuja kabla vuli haijaharibu njia.

Kokubanza


Kibingo
12 Septemba 1954

Eugenia,

Msimlete. Nakuomba kama baba yako. Njia ni mbaya, atafia juu ya lori na lawama itakuwa yako.

Mimi mwenyewe sitakuwepo. Nakwenda misheni kwenye mafungo ya makatekista, na baada ya mafungo Padri ameniomba nibaki nimsaidie kazi. Sijui nitarudi lini.

Mwambie kaka nasema asije. Mwambie nimesema tafadhali.

Kaijage


Kibingo, nyumbani kwako
10 Oktoba 1954

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza yako, kwa wino wako. Verdiana mzima. Ndiye aliyenipa karatasi. Barua hii atakuletea huko misheni mtu anayepeleka ndizi za mapadri.

Tulikuja. Hakufia juu ya lori. Alikaa mbele na Shehe, wazee wawili wanaongea Tabora njia nzima, na lori lilipokohoa kwenye mlima wa Kyerwa akamwambia dereva chujio la mafuta limeziba. Likafunguliwa, lilikuwa limeziba. Alifurahi kama amepewa ng'ombe.

Langoni kwako tulikuta pamefungwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama pale. Mkubwa wao akamuuliza Gosbert, kwa adabu, mbona mnatuletea maiti anayeongea. Nikadhani mambo yameisha. Mama Verdiana akatoka ndani, akafungua lango lenyewe, mapande yote mawili. Akawaangalia tu mpaka wakasogea.

Baba akapita langoni kwa machela, uso mbele.

Alipumzika. Kesho yake akaomba akalishwe uani na enanga mapajani. Watu walikuwa wamekwisha kusikia, wakaja mpaka wa ng'ambo ya kilima. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, lakini vidole vilikuwa vyake. Akaimba ndege wa ulezi. Akaimba vita, na risasi, na jela. Akaimba reli. Pale pa injini watu walipiga makofi na wazee wale wale wa langoni wakapiga. Kisha akafika ziwani.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemshika mgongo asianguke. Nilijua hukuwepo. Hakukuwa na wa kumwonea haya tena, na Shehe mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, hai, anatafuna kahawa. Nilimwomba Mungu aseme ukweli. Alinyamazisha nyuzi kidogo. Halafu akampindua yule mtu mtumbwi, akamzamisha, habari ikaliwa na samaki. Shehe akatazama chini. Alikuwa amemwahidi Baba kwamba hatausahihisha wimbo.

Alikufa siku iliyofuata, baada ya uji.

Wazee wakasema hachimbiwi kaburi, kwa sababu analo. Verdiana akaenda akaleta jembe, akaliweka mbele yao, akasema, "Basi msichimbe. Fungueni hilo alilo nalo." Wakafungua. Hapakuwa na kitu ndani, Baba Mdogo, wala gogo wala lubugo, udongo mweusi tu, mlaini. Wakamlaza humo, ubavuni mwa Babu, kama alivyotaka.

Ningekuwa nashukuru hapo. Lakini walikataza kilio. Walisema kilio cha Kashaija kilikwisha mwaka 1917, na matanga yake yalikwisha kuanuliwa, na mwenye kulia mara ya pili analilia mtu mwingine aliye hai. Basi tukamfukia kimya. Mtu aliyewatoa vijana shimoni, aliyeimba arusi za nusu ya nchi hii, alishuka ardhini na hakuna mwanamke hata mmoja aliyefungua mdomo. Nilijiziba kinywa kwa khanga. Sijalia mpaka leo. Kilio kinanibana hapa kifuani, nikiamka kipo, nikilala kipo, sijui nitakaa nacho mpaka lini.

Nimewaomba wazee. Wamekubali niipige enanga yake Jumapili, tarehe 31 mwezi huu, hapa uani. Siyo matanga, wamesema, ni kuwaburudisha waliosafiri. Wameniambia wazi kwamba wimbo wangu hautangui kitu. Anayeweza kutangua ni yuleyule niliyekuandikia tangu mwanzo.

Alinifundisha wimbo wote, na kabla hajafa alinishika mkono akasema nisibadilishe neno. Nikiuimba alivyousema, jina lako litakuwa safi na yeye atabaki hajaliliwa. Nikimwacha yule mtu avuke, nitakuwa nimemwasi baba yangu kaburini, na wewe hutaweza tena kukaa katika nyumba hii ninamoandikia. Na bado kilio hakitaruhusiwa, maana mwanamke hawezi kutangua msiba wa wanaume kwa nyuzi. Kwa hiyo nimebanwa pande zote. Nikifika ziwani sijui nitafanya nini, na nakwambia kweli, naogopa.

Nilitaka ujue hivyo tu. Verdiana anasema umesahau miwani yako, amemfungia mchukuzi huyu.

Kokubanza


Misheni
19 Oktoba 1954

Mwanangu Kokubanza,

Miwani imefika. Nimeisoma barua yako kwa miwani, hakuna neno lililonipita.

Padri nimemweleza. Kazi ya ukatekista nimeirudisha, amempa mwingine.

Nitakuja Jumapili hiyo. Waambie wazee waniwekee mkeka mbele, watu wote wanione. Shehe akae karibu nami. Imba kila kitu kama kaka alivyokufundisha, usiache ndege, usiache injini. Ukifika ziwani, usimzamishe yule mtu. Mwache avuke. Mwache afike Kibingo, anikute chini ya mbuni. Hapo nyamazisha nyuzi, nami nitasimama.

Nikimaliza kusema, lieni.

Mimi,
Kaijage, mdogo wake Kashaija